Si kukosa huruma, ni wingi wa watazamaji

Hapana ndugu, wewe unayesema Goma imeishiwa huruma: watu kumzunguka kijana wa chukudu (kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo) aliyeanguka pale mtaani Birere na kubaki wanatazama hakuonyeshi hivyo. Wanasaikolojia Darley na Latané walilipima jambo hili New York, matokeo yakatoka 1968: kati ya wanafunzi walioamini kuwa ni wao peke yao wanaomsikia mwenzao akishikwa na kifafa, 85 kwa 100 walitoka kutafuta msaada kabla hajanyamaza. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia, 31 tu. Na waliobaki hawakuwa wagumu wa moyo, wengi walikutwa mikono inawatetemeka! Kila mtu anadhani mwenzake ameshashughulika.

Ila si kila umati huganda. Utafiti wa 2019 uliotazama video za kamera za mitaani Amsterdam, Lancaster na Cape Town ulikuta kwamba kwenye ugomvi wa hadharani, mara 9 kwa 10 angalau mtu mmoja aliingilia.

Kwa hiyo ukiwa hapo usipige kelele "saidieni!" kwa wote. Mwonyeshe mmoja: "Papa wa koti la bluu, njoo tumuinue."