Muulize Mkulima: Mboga bila udongo, anza na jerikeni moja

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Kireka, hapa Kampala, kwenye muzigo, yaani chumba cha kupanga, udongo sina hata wa kujaza kopo, mbele ya mlango ni simenti na kibaraza tu. Nimeona watu wanapanda mboga kwenye maji, hiyo haidroponiki, nikauliza, kijana mmoja akanitajia pesa ya mabomba na pampu ambayo ni kodi yangu ya miezi mingi. Na umeme hapa kwetu unakatika-katika. Kuna njia ya mtu wa kawaida kuanza ama niachane nayo? – Mama wa Kireka

JIBU: Mama, usiachane nayo, ila hiyo pesa usimpe mtu kwanza. Kwenye mabomba maji yanayopita chini ya mizizi ni machache sana, kwa hiyo pampu ikizimika mchana wa jua kali, masaa machache tu mboga zimelala. Wewe anza na jerikeni moja, ile ya njano ya lita 20 iliyokuwa na mafuta ya kupikia, ioshe na sabuni na maji moto mpaka isiteleze. Iliyokuwa na mafuta ya taa ama dawa ya shamba usiiguse kabisa, hata ukiiosha mara kumi.

Njia ninayokuambia haina pampu wala umeme, aliyeifanyia kazi sana ni mtaalamu wa mboga Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, na siri yake yote iko kwenye hewa. Unailaza jerikeni kwa ubavu ule mpana, kifuniko umekikaza, unatoboa matundu matatu au manne juu, kila tundu unaweka kikombe cha yogati ulichokitoboa-toboa chini na pembeni, halafu unajaza maji ya mbolea (vipimo viko kwenye jibu la msomaji wa Busia hapa chini) mpaka yaguse kitako cha kikombe. Basi. Mmea unakunywa, maji yanashuka, na pale yaliposhuka panabaki nafasi, mizizi ya juu inavuta hewa kwenye hiyo nafasi na ya chini inaendelea kunywa.

Sasa hapo ndipo wengi wanaua mboga zao, na mimi za kwanza niliziua hivyo hivyo. Niliona maji yamefika nusu nikasema maskini zina kiu, nikajaza tena mpaka juu, siku ya tatu zote zilikuwa zimenyauka na zimesimama ndani ya maji! Ile mizizi iliyozoea hewa ukiizamisha inakosa pumzi. Nakuomba sana mama, ukiongeza maji usipite nusu ya jerikeni, hiyo nafasi ya juu iache ilivyo.

Letusi moja inakunywa kama lita 4 hivi mpaka unaivuna, kwa hiyo nne zinatosha kwenye jerikeni yako bila kuongeza kitu, na wiki tano au sita baada ya kuhamisha miche unakula. Sukuma wiki ni nyingine, unachuma majani leo na wiki ijayo tena, inakunywa sana, weka mbili tu na uwe unaongeza maji ya mbolea.

Mbegu usizipande moja kwa moja kwenye kikombe. Kata sponji ya godoro vipande vidogo, vya upana wa vidole viwili, chana katikati, tia mbegu, loweka, weka kivulini mpaka ziote halafu uzitoe kwenye mwanga, miche ikishika majani matatu unaibana na sponji yake kwenye kikombe. Jerikeni ya njano inapitisha mwanga na mwanga ukiingia maji yanakuwa ya kijani yanateleza, hayo majani ya maji yanakula chakula cha mboga zako, kwa hiyo paka rangi nyeusi kisha nyeupe juu yake ili isishike joto. Iweke mahali inapata jua masaa matano au sita, lakini chini ya paa, maana mvua za Machi mpaka Mei zikiingia kwenye matundu zinazimua mbolea yote. Na tundu lolote lililobaki wazi liwekee kipande cha neti, usifuge mbu mlangoni kwako na watoto wamo ndani, malaria tunaijua sote.

SWALI: Ssebo, mimi niko Busia, nilianza hiyo ya maji kwa urea na ile mbolea ya punje ya mahindi, NPK 17-17-17, mboga zikageuka manjano na maji yananuka. Nilikosea wapi? – Msomaji wa Busia

JIBU: Ulikosea mbolea tu ndugu yangu, mikono yako haina shida. Urea shambani inafanya kazi kwa sababu vijidudu vya udongo vinaibadilisha kwanza ndipo mmea uile, kwenye jerikeni hivyo vijidudu havitoshi, inakaa tu. Ile ya punje nayo haiyeyuki yote, na haina kalsiamu ya kutosha wala madini madogo kama chuma ambayo udongo ulikuwa unakupa bure.

Tafuta mbolea ya unga inayoyeyuka kabisa, ukija Kampala pitia maduka ya pembejeo pale Container Village uulize. Ukipata NPK 4-18-38 yenye madini madogo, kwa lita 20 pima gramu 12, naitreti ya kalsiamu gramu 12 na chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu) gramu 6, na upime kwa mizani ile ndogo ya jikoni, kijiko kinadanganya. Kila moja iyeyushe kwenye kikombe chake halafu mimina kwenye maji mengi, kalsiamu iwe ya mwisho. Ukizichanganya zikiwa nzito kalsiamu inashikana na fosfeti na salfeti, unaona unga mweupe umelala chini kama chaki, na hicho mmea hauwezi kukila tena. Ukikuta pakiti ya A na B, zimetenganishwa kwa sababu hiyo hiyo, fuata vipimo vyake. Maji ya bomba yaache wazi usiku kucha klorini ipungue, na ukiweza nunua matone ya kupima asidi, pH ikae kati ya 5.5 na 6.5.

SWALI: Niko Arua, letusi zangu za maji zimerefuka kama fimbo na ni chungu, mbolea niliweka sawa. – Dada wa Arua

JIBU: Ni joto dada. Letusi ikichomwa na joto inakimbilia kutoa maua, na ikishaanza hivyo uchungu hautoki tena, ing'oe. Hapo Arua panda dodo (mchicha) na nakati (mboga ya majani ya jamii ya bilinganya), hizo jua lenu zinalipenda, na kama roho yako ni ya letusi kabisa basi iwekee kivuli kuanzia saa sita mchana, mbegu zake nazo zioteshe mahali pa baridi ndani ya nyumba, karibu na mtungi wa maji ya kunywa hivi, kwa sababu joto likizidi hata kuota zinakataa.