Je, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wanaamua sera zetu za elimu?

Umeuliza kama mashirika haya yanaamua kweli au yanashauri tu. Ndugu yangu, hawatoi amri. Wanaweka masharti kwenye mkopo, na serikali isiyo na fedha za kigeni inasaini.

Tazama ada ya shule ya msingi Tanzania. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto asome. Uchumi ukayumba, na katikati ya miaka ya 1980, enzi za marekebisho ya uchumi, tukaambiwa "kuchangia gharama". Ada ikarudi. Nakumbuka mama akifunga kuku wawili miguu, alfajiri, awapeleke gulioni ili dada yangu asirudishwe nyumbani. Jogoo peke yake hakutosha.

Mwaka 2001 ada ikafutwa, na mwaka uliofuata Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza, Benki ya Dunia ikiwemo kati ya wafadhili. Yaani benki ileile iliyokuwa ikihimiza uchangiaji! Madarasa yalifurika, watoto wakakaa sakafuni.

Lakini tusiwabebeshe yote: wananchi na asasi za hapa walipigania sana ada ifutwe, na michango ya mlinzi na madawati iliyobaki ilipangwa na sisi wenyewe.