Mwanangu, umeuliza siku nzima tunafanya nini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikamsomea baba yako kwa sauti. Umeuliza: "Mama, siku nzima mnafanya nini humo chomboni, na hamchokani?" Halafu mwishoni kabisa ukadokeza kwamba wewe na mumeo mnawaza kuishi hivi nanyi siku moja. Basi sitakujibu juujuu.

Mashua yetu ina urefu wa mita 11. Ukishuka kitandani, hatua nne uko jikoni, mbili tena uko mezani, ukipanda ngazi uko kwenye usukani. Asubuhi, anayeamka mwanzo hupanda juu kutazama kama bado tupo pale tulipolala. Jioni huwa tumechagua vitu viwili nchi kavu vilivyokaa mstari mmoja, tuseme mti na kona ya nyumba iliyo nyuma yake. Vikiwa vimeachana na upepo haujageuka, ujue nanga imekokotwa. Ndipo mengine yafuate.

Maji na umeme ndivyo vinavyopanga siku. Tangi letu linachukua lita 300, na hakuna bomba la kutujazia. Vyombo tunaviosha kwa maji ya bahari, tunavisuuza kwa maji matamu kidogo tu. Tuna mtambo wa kuondoa chumvi: unayasukuma maji ya bahari kwa nguvu kubwa sana kupitia utando mwembamba, chumvi inabaki nyuma. Lakini hatuuwashi bandarini, maana mafuta yanayoelea huuharibu ule utando. Halafu mtambo unakula umeme, na umeme wetu ni wa jua. Betri zetu ni za risasi na asidi; ukizinyonya zaidi ya nusu mara kwa mara, zinakufa mapema. Kwa hiyo wingu likitanda siku mbili mfululizo, tunazima jokofu, taa tunabaki na moja, na nguo zinangoja.

Muda uliobaki, sehemu kubwa ni matengenezo. Chumvi haina simile: inakula chuma, inakausha kamba, inaingia kwenye nyaya. Mwezi uliopita injini ilianza kupata moto. Baba yako akaifungua pampu inayovuta maji ya bahari ya kuipoza, akatoa kile kigurudumu cha mpira chenye mapezi. Mapezi yalipaswa kuwa sita, yalikuwapo manne. Kigurudumu kipya tunacho akiba, kukibadilisha ni nusu saa. Ila huwezi kuyaacha yale mawili yaliyokatika, kwa sababu huenda na maji hadi yanakwama kwenye vijia vyembamba huko mbele, na injini inapata moto tena siku unayoihitaji kuliko zote. Tulifungua bomba moja baada ya jingine. Mimi nilishika tochi na bakuli la skrubu, yeye kalala kifudifudi, mkono umezama hadi begani. La kwanza tulilipata mchana. La pili nililitoa mwenyewe kwa koleo jua likizama, kipande cheusi kisichofika ukucha wa kidole gumba. Tulikaa tukakitazama kwa furaha ambayo sijui nikueleze vipi.

Sasa hilo la kuchokana. Mwaka wetu wa kwanza tuligombana sana, na karibu kila mara ilikuwa wakati wa kutia nanga. Mimi nilikuwa kwenye usukani, yeye omoni, yaani mbele kabisa ya mashua, katikati yetu upepo na mngurumo wa injini. Yeye anapaza sauti nisikie, mimi nasikia ananikaripia. Siku moja nilishuka ndani nikalia. Kesho yake tukakubaliana: hakuna kupaza sauti, ni ishara za mkono tu. Mkono juu, simama. Ngumi, weka injini huru. Kidole, elekea huku. Nakuambia kweli, ishara hizo zimetusaidia kuliko maneno mengi tuliyowahi kuambiana. Na hesabu tunaifanya pamoja kabla ya kuanza. Kina kikiwa mita 6, omo iko mita 1 juu ya maji, na maji yakijaa yataongeza mita 2, jumla ni 9. Tunazidisha kwa 5, tunaachia mnyororo mita 45. Upepo mkali ukitazamiwa tunazidisha kwa 7. Mnyororo mrefu hulala chini, ukaivuta nanga ikijichimbia badala ya kuinyanyua.

Jambo jingine tulilokubaliana ni kuhusu matanga. Yeyote kati yetu akisema tupunguze tanga, linapunguzwa saa hiyo hiyo, hakuna kubishana. Aliyeingiwa na hofu zaidi ndiye anayefuatwa. Baba yako amelala macho kavu mara nyingi kwa sababu ya hofu zangu, hajawahi kunisimanga.

Usiku wa safari ndefu ndio uliokutia wasiwasi, najua. Mwendo wetu ni kama maili 5 za baharini kwa saa, sawa na kilomita 9 na kidogo. Usiku na mchana tunakata maili 120. Kwa hiyo kuna safari za wiki nzima na zaidi bila kuona nchi kavu. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972, kanuni ya 5, zinataka kila chombo kiwe na mtu anayeangalia kwa macho na masikio wakati wote. Sisi tunapokezana zamu za saa tatu tatu. Meli kubwa iendayo maili 20 kwa saa, taa zake ukiziona umbali wa maili 6 na inakuja moja kwa moja kwako, nawe unaielekea kwa maili zako 5, mtakutana kabla ya robo saa kuisha. Ndiyo maana aliye zamu hasomi kitabu. Na hakuna anayekwenda omoni usiku kabla ya kumwamsha mwenzake, hata akiwa amejifunga mkanda wa usalama.

Saa sita usiku baba yako huniamsha kwa kunigusa mguu. Ninapanda, ananiambia upepo unatoka wapi, meli ngapi zinaonekana, tanga limekaaje. Ananisubiri nifunge mkanda wangu, anauvuta mara mbili kuhakikisha, ndipo anashuka. Kabla sijatulia nasikia amekwisha lala. Katikati ya maji hayo yote, amelala kama mtoto kwa sababu mimi niko macho. Nami saa tisa nitalala vivyo hivyo kwa sababu yake. Miaka yote tuliyoishi nchi kavu hatukuwahi kuhitajiana namna hiyo. Hapana mwanangu, hatuchokani.

Kinachonichosha ni kukukosa. Zipo siku ambazo ningeacha bahari yote nikae jikoni kwako saa moja.

Kwa hiyo kabla ya kuuza chochote, njooni mkae nasi wiki tatu. Msije wiki moja, hiyo ni matembezi. Leteni mifuko laini inayokunjika, masanduku magumu hayana pa kuwekwa. Kabini ya mbele itakuwa yenu. Iko jirani na mnyororo, na upepo ukigeuka usiku mtausikia ukikwaruza miamba chini. Msishtuke. Mkisikia nyayo juu ya sitaha, ni baba yako ametoka kuutazama ule mti na kona ya nyumba.

Mama yako