Kwa mnaoanza kuchunguza jaa la mtaani

Karibuni. Najua mmekuja na hamu ya kumkamata mtu. Sisi nasi tulianza hivyo hivyo, tukamvaa wa kwanza aliyepita: mwenye gari ya punda. Watu wa nyumba na maduka wanamlipa kwa kila mzigo wa taka, naye anamwaga kwenye shimo la mchanga lililoachwa wazi, maana Kibele kwenye jaa la serikali ni mbali na punda wake hafiki. Tulipomfokea akahamia shimo jengine, ikatuchukua miezi kulijua. Siku hizi yeye ndiye wa kwanza tunayemuuliza. Anajua nani katoa taka gani na siku gani kumshinda hata sheha, mkuu wa mtaa.

Mkishaona kitu, kiandikeni siku ileile, mkiwa bado mmesimama pale. Tarehe, saa, mvua ya mwisho lini, upepo unatoka wapi. Upepo msiudharau. Kaskazi ikivuma, moshi wa taka zinazoungua kwenye shimo letu unakwenda zake baharini na hakuna anayekohoa. Ikishika kusi, unaingia vyumbani. Mtu akija Januari tu ataandika kwamba watu hapa hawana shida.

Maji ndiyo yaliyotuumbua. Sehemu kubwa ya Unguja ni jiwe la matumbawe, limejaa mianya, na mvua inapita humo upesi bila kuchujwa hadi kwenye maji ya kisima. Kwa hiyo tulichota maji ya kisima kilicho karibu na shimo tupeleke maabara. Chupa niliiona chafu, nikaiosha kwa klorini ya kufulia nguo nyeupe, nikaisuuza mara moja, nikajiona mtu safi. Majibu yakarudi: hakuna vijidudu vya kinyesi. Bila shaka hakuna, klorini iliyobaki ndani ya chupa ilikuwa imewaua! Mwenye shimo alizunguka na karatasi ile mtaa mzima.

Basi chupa chukueni maabara kwenyewe, na msiisuuze. Kifuniko msikishike kwa ndani. Ikijaa, itieni kwenye barafu na ifike siku ileile. Halafu kisima kimoja hakitoshi: tafuteni na kingine kilicho mbali na jaa, mpime vyote kabla ya masika na baada ya mvua kubwa za mwanzo. Kile cha mbali kikitoka kichafu vilevile, huenda mkosa ni vyoo vya shimo wala si jaa, na hilo pia liandikwe. Wenzenu watanuna. Waacheni wanune.

Majumbani msiulize "moshi unakudhuruni?" Kila mtu atasema ndiyo, na wengine watadhani mmeleta fidia. Ulizeni mtoto kalala vipi jana, kakosa skuli siku ngapi mwezi huu, maji mnachota wapi na nani anayechota. Hilo la mwisho waulizeni kina mama, tena kisimani. Maskani, kule wanaume wanakobarizi, mtapewa siasa.

Taka zenyewe zinasema, ila kwa sauti ndogo. Tulipasua mifuko tukahesabu: pempasi, vifuu vya madafu, chupa za bia, vichupa vidogo vya shampuu vya hotelini. Vichupa vinaonyesha taka imetoka wapi, havisemi nani kaimwaga. Vifuu, makopo na matairi tunavihesabu mbali, kwa sababu maji yakituama humo ndimo anamozaliana mbu wa homa ya dengi. Mkiona sindano, rudini nyuma. Pigeni picha, mwambieni sheha, msiiguse hata kama mna glavu.

Kuhusu sheria nitasema kidogo. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Nam. 3 ya 2015, na ipo ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, ya kuisimamia. Malalamiko yetu ya mwanzo yalirudi kwa sababu picha hazikuwa na tarehe wala hazikuonyesha mahali. Ya pili yalikuwa kurasa nne zenye ramani ya kuchora kwa mkono, na safari hiyo afisa alikuja mwenyewe.

Jumamosi tunaanza kabla ya saa moja asubuhi, punda hawajapita. Vaeni viatu vya kufunika, si kandambili. Chupa za maabara nitakuja nazo mimi, na sitaziosha.