Maswali yenu: ndege wa matopeni pale Mida

Wiki hii maswali mengi yametoka kwenu mnaokaa karibu na Mida Creek, ile hori ya bahari ya Watamu, pwani ya Kenya, nayajibu vile yalivyokuja.

Wale weusi kwa weupe wenye mdomo mnene wanakula nini?
Hao kwa Kiingereza ni crab plover, na chakula chao ni kaa! Maji yakipwa we simama tu kando ya mikoko utulie, utamuona anatembea polepole, anasimama, mara anakimbia hatua tatu nne, kaa kashabanwa. Mdogo anamezwa mzima, mkubwa anapigwapigwa mpaka magando yang'oke. Na yule wa kijivujivu anayelialia nyuma ya mkubwa ni mtoto anaomba chakula, yaani wamesafiri toka pande za Somalia na Uarabuni na bado analishwa! Kule wanataga kwenye mashimo ya mchanga, kwa kawaida yai moja tu, kwa hiyo ukiua mmoja pengo halizibiki upesi.

Na wale wadogo wanaodonoa matope bila kupumzika?
Jamii ya chekeamwezi, wengine wametoka Siberia. Minyoo, konokono wadogo, vikaa, ndo chakula chao, na wanafuata maji mchana na usiku. Mwezi wa nne waangalie vizuri, wamenenepa na vifua vimekuwa vyekundu kama kutu, hapo safari ya kurudi imefika.

Watoto wanawakimbiza kwa mchezo tu, hawawaui, kuna ubaya gani?
Upo tena mkubwa. Maji yakijaa matope yote yamefunikwa, hawana pa kula, wanajikusanya pakavu wasimame kwa mguu mmoja wapumzike, sasa mtoto au mbwa akiwarusha mara tano sita wanachoma yale mafuta waliyohangaika kuyapata na hawawezi kuyarudisha mpaka maji yapwe tena, na bila mafuta Siberia hafiki mtu. Jamani tuwaachie hizo saa chache, pitieni mbali, mbwa mfungeni.

Sheria inawalinda kweli?
Ndio, Kenya iko kwenye mkataba wa ndege wa majini wanaohama, AEWA, tangu 2001, Tanzania tangu 1999. Ila matope yenyewe na mikoko vinalindwa na sisi tunaoishi hapa.

Mbona mwezi wa sita bado nawaona wachache, wanaumwa?
Hapana, wengi ni vijana wa mwaka wa kwanza, hawajafika umri wa kuzaa, wanabaki huku mpaka wakubwa warudi kuanzia mwezi wa nane.