Majaribio ya msimbo yakae wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mradi wetu wa Java hujengwa kwa Maven, zana ya kujengea programu, na una moduli tatu: msingi, hifadhidata na huduma. Klasi saidizi za majaribio, zinazotuundia wateja na ankara za mfano, tumezinakili katika moduli zote, na tukirekebisha nakala moja tunasahau nyingine. Mwenzangu anapendekeza majaribio yote yahamie moduli moja. Je, tumfuate?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, msimfuate katika yote. Jaribio la klasi moja libaki katika moduli ya klasi hiyo, chini ya src/test/java, tena katika kifurushi (package) chenye jina lile lile, kwa kuwa Java huruhusu klasi za kifurushi kimoja kuonana hata pale zisipotangazwa kuwa za umma. Mkilihamisha, mtalazimika kufungua milango ya msimbo kwa ajili ya jaribio tu.

Klasi saidizi ndizo zenye kuhitaji makao mapya, na ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuziundia moduli ya nne, ambayo nyingine huitegemea kwa upeo wa test, yaani wakati wa majaribio tu. Ushauri huo ni mzuri, ila kwenu una kikwazo: ikiwa Mteja na Ankara zimo katika msingi, moduli ya nne itautegemea msingi, na majaribio ya msingi nayo yataitegemea moduli hiyo. Maven hukataa mzunguko wa namna hiyo hata kama upande mmoja ni wa majaribio pekee. Kwa hiyo ningeziacha klasi hizo katika src/test/java ya msingi, kisha niiagize programu-jalizi ya jar itoe pia faili ya aina ya test-jar, yaani kifurushi cha JAR chenye klasi za majaribio, ambayo hifadhidata na huduma zitaitumia. Gharama yake ni kwamba maktaba zenye upeo wa test hazirithiwi, hivyo kila moduli itazitangaza upya. Anayetumia Gradle, zana nyingine ya kujengea, ana njia nyepesi zaidi tangu toleo la 5.6, yaani programu-jalizi ya java-test-fixtures, yenye folda yake ya src/testFixtures/java.

Jihadharini na chaguo la amri -Dmaven.test.skip=true, kwani huzuia hata kukusanywa (compile) kwa msimbo wa majaribio, na test-jar mnayoitegemea haitaundwa; tumieni -DskipTests, ambayo huzuia kuendeshwa kwake tu. Vilevile, klasi saidizi zipewe kifurushi chao wenyewe, kwa sababu mkija kuongeza module-info.java, faili inayoitambulisha moduli kwa Java yenyewe, mfumo wa moduli ulioingia na Java 9 mwaka 2017 haukubali kifurushi kimoja kumilikiwa na moduli mbili.

Mwenzako yuko sahihi kuhusu majaribio yanayopita katika moduli zote tatu kwa pamoja. Hayo yapewe moduli yake, majina ya klasi yaishie na IT, na yaendeshwe na Failsafe, programu-jalizi ya Maven ambayo hutoa hukumu katika hatua ya ujenzi iitwayo verify.