Nostalghia: kilichonichosha si ule mshumaa

Mkuu, umeuliza kwa nini Nostalghia, filamu ya mwongozaji Mrusi Andrei Tarkovsky, inasifiwa hivyo wakati wewe ulikoroma kabla ya nusu saa. Kukoroma ruksa. Mimi mwenyewe niliimaliza kwa awamu mbili. Ila wanaosema ubovu wake ni mwendo wa kinyonga, hapo tunapishana.

Tangu ilipotoka 1983 watu waligawanyika. Tamasha la filamu la Cannes liliwapa tuzo moja Tarkovsky na mwongozaji Mfaransa Robert Bresson. Mkosoaji Vincent Canby wa New York Times akakubali jamaa ni mshairi wa filamu, ila akaona msamiati wake mdogo. Kisa chenyewe ni mshairi Mrusi aliyeko Italia, kwao kunamvuta. Mwaka uliofuata Tarkovsky naye akatangaza pale Milan kwamba harudi Urusi. Alifia Paris, 1986.

Sasa ile sehemu inayolalamikiwa zaidi. Yule mshairi anatakiwa avuke bwawa lililotolewa maji, mshumaa ukiwaka mkononi. Unazimika, anarudi mwanzo. Unazimika tena, anarudi tena. Karibu dakika tisa, kamera haikatwi. Nilikuwa naangalia sebuleni, Mbagala, mzee wangu kasinzia kwenye kochi. Akaamka. "Akinge na koti huyo!" kama anamfokea golikipa. Ulipozimika mara ya pili akanyamaza, kiganja kakikunja mbele ya kifua kama mtu aliyeshika koroboi penye upepo. Hajui Kirusi wala Kitaliano. Alivuka kutoka Burundi 1972 akiwa mtoto, akakulia makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora. Hata Lufufu, yule mtafsiri wa filamu za video, angekosa cha kutafsiri pale.

Kilichonichosha mimi ni maneno. Domenico, yule kichaa aliyempa mshairi kazi ya mshumaa, anapanda juu ya sanamu ya Marcus Aurelius kule Roma, anahubiri weee, kisha anajichoma moto. Na yote hayo mshumaa unakuja kuyasema bila mdomo. Halafu Eugenia, yule mkalimani, kapewa nywele nzuri na hasira, basi. Hapo ndipo wakosoaji wangekaza.

Picha ya mwisho ni nyumba ya kwao yule mshairi, Urusi, imekaa ndani ya kanisa gofu la Italia lisilo na paa, theluji inadondoka. Wengine wanaona imepambwa kupita kiasi. Nikageuka nimuulize mzee, kumbe keshatoka kumwagilia migomba yake. Iko mitatu, kaipanda mchangani pale yanapotokea maji ya bafuni. Ndizi zake ni kama vidole vya mtoto, na hataki mtu aiguse.